Matone ya Kiangazi

Mvua zilikuwa zimekatika zamani, na huko milimani juu ya Mbeya vumbi lilikuwa linatimka hata kuku akipita. Ndiyo maana Tumpe, alipodondokewa na tone la maji shavuni alfajiri moja ya Juni, alidhani anaota. La pili likamwingia sikioni. Akapapasa mto, umelowa.

"Baba Gwakisa," alimwamsha mumewe, "nyumba inavuja."

Eliezeri alifungua dirisha, akachungulia. Anga nyeupe, ardhi kavu.

"Inavuja nini?" akauliza.

Walikuwa wamehamia nyumba ile juzijuzi tu. Mtoto wao Gwakisa, anayefanya kazi Iringa, ndiye aliyewajengea: tofali za kuchoma, bati jipya, madirisha ya vioo yanayofungika barabara. Dari tu ndiyo iliyobaki, akaahidi kuimalizia akija Krismasi. Kwenye nyumba yao ya zamani ya nyasi upepo ulikuwa unapita kila upenyo, lakini wakati wa kiangazi haikuwahi kuwadondoshea kitu.

Akaitwa fundi Jailos aliyeezeka. Alipanda, akakagua msumari mmoja mmoja.

"Mama, hakuna tundu hata la kupitisha sindano."

"Sasa maji yanapitia wapi?"

Jailos alikuna kichwa, kisha akapaka lami kwenye kila msumari, ili mradi asiondoke bure. Kesho yake matone yakawa yaleyale. Wakahamisha kitanda, matone yakahama nacho. Chumba cha pili, walichoweka mahindi, kikavu kabisa. Tumpe akawa anakaa na kutazama bati mchana kutwa, mpaka shingo ikamuuma.

Katikati ya mahangaiko hayo wakapata msiba Mbalizi. Walikaa huko karibu wiki, ufunguo wakamwachia Jailos awe anapita kuangalia.

"Kavu," Jailos aliwaambia waliporudi. "Kila asubuhi nimepita, pakavu."

Eliezeri alifurahi, lakini furaha yake haikufika mbali. Alfajiri iliyofuata aliamka na tone kwenye kipara.

Tumpe aliketi kitandani. "Mume wangu, maji haya hayaifuati nyumba. Yanatufuata sisi."

Hapo ndipo walipomwita mchungaji.

Alikuja na waumini wa jumuiya kabla jua halijachomoza. Baridi ilikuwa inakata, wakafunga mlango na madirisha, wakabanana sebuleni, mahali ambapo hapajawahi kudondoka hata tone. Wakaimba, wakaomba kwa sauti. Tumpe akaleta birika kubwa la chai, mvuke ukatapakaa chumba kizima.

Mchungaji alikuwa amefumba macho, anakemea, tone lilipotua kwenye Biblia yake. Akanyamaza. La pili, la tatu. Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakatazamana, hakuna aliyejua kama aendelee kuomba au akimbie.

Verediana, jirani yao, alisimama juu ya kiti, akagusa bati kwa kiganja. "Jamani, hili bati ni barafu! Na limelowa kwa ndani." Akapuliza pumzi juu yake, akapitisha kidole, akawaonyesha: kidole kinang'aa maji. "Ni kama mfuniko wa sufuria. Pumzi zetu zinapanda, zinakuta baridi, zinageuka maji."

"Zetu?" Eliezeri aliuliza. "Ninyi mnasema mimi ndiye ninayejinyeshea?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alifuta Biblia kwa leso, akasema taratibu kwamba itakuwa vizuri dirisha lifunguliwe.

Wakaanza kulala na dirisha wazi kidogo. Eliezeri analalamika baridi, amejifunika mablanketi mawili na koti, lakini mto ni mkavu. Tumpe ndiye bado hajatulia. Kila mara anaweka kiganja mbele ya mdomo, anapumua, anakitazama. Maji ya kulowesha godoro zima yanatoka ndani ya watu wawili wazee? Na hayo mengine, yanayotoka kupitia dirisha sasa, yanakwenda kumnyeshea nani?

Gwakisa alipopiga simu kuuliza habari za bati, Tumpe alijitahidi kumweleza.

"Siyo mvua, mwanangu. Jailos hana kosa. Ni sisi wenyewe, tukipumua."

"Mama," Gwakisa akasema, "hebu nipe baba niongee naye."