Risasi Alizosubu LaVar

Kaka yangu LaVar alizikwa Jumatano. Jumamosi klabu yetu ya shabaha ikamfanyia kama inavyomfanyia kila mwanachama anayekufa hapa Idaho: wenzake hukutana uwanjani, hupiga bastola zake kwa risasi alizotengeneza mwenyewe, kisha hula viazi vya msiba. Viazi nilivipika mimi, na jibini na kila kitu. Risasi pia nilizileta mimi, zikiwa ndani ya kopo la kahawa. Zilikuwa za mwisho alizosubu kabla mikono yake haijaanza kutetemeka.

Tuliishi nyumba moja tangu nifiwe na mume wangu. Theluji ikiisha, LaVar alikuwa akikusanya vile vizito vya madini ya risasi vya kubalansia magurudumu na kuviyeyusha kwenye banda la nyuma, mlango wazi kwa sababu ya moshi. Alimimina kwenye kalibu, akazidondosha juu ya taulo langu kuukuu, zinang'aa kama vijiko vipya. Kisha alizipaka nta na kuzifunga kwenye maganda yenye baruti.

Alikuwa na bastola mbili zinazotumia ukubwa uleule wa risasi. Moja ilikuwa rivolva ya baba yetu. Nyingine ni bastola kubwa ya gesi aliyojinunulia alipostaafu reli. Risasi za kusubu zilikwenda kwenye rivolva tu. Ile ya gesi aliilisha za dukani, zilizovikwa shaba. Yeyote aliyemuuliza alielezwa sababu: ndani ya mtutu mna tundu dogo, gesi ya baruti hupita hapo kwenda kuifungua bastola ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Risasi isiyovikwa shaba hukwanguka ikipita hapo, inaacha chenga na nta, na tundu likiziba, bastola imekwisha.

Dwight Sorensen, mwenyekiti wa klabu, aliyasikia hayo miaka yote. Hata hivyo akachota risasi kwenye kopo na kuichukua bastola ya gesi.

"Tuanze na dubwana hili," akasema.

"Hizo si zake, Dwight. Ni za rivolva."

"Velda, dada yangu, mbona zinaingia?"

"Kuingia zinaingia. LaVar hakuzitia humo hata siku moja."

"LaVar alikuwa anaidekeza hii kama bibi harusi. Leo siku yake, bwana! Bastola yake, risasi zake, wacha zioane."

"Wewe utaozesha mpaka marehemu!" akasema Clair Bingham, jirani yetu, na watu wakacheka.

Nikasema tena hapana, kwa sauti, wote wakasikia. Naandika hili lisije likasahaulika.

Wakapiga. Kila mtu alitaka zamu yake, bastola ikapita mkono hadi mkono. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha ganda likabanwa mlangoni pake pa kutokea. Dwight akalichomoa, akapiga, likabanwa jingine. Mwishowe bastola haikufunguka kabisa, ikawa ya kuvutwa kwa mkono kila risasi.

Dwight akaligeuzageuza ganda, akatangaza mbele ya watu wote: "Risasi mbovu hizi. Laini mno. Mzee alikuwa bahili wa kuchanganya bati la kuzikaza, mnamjua." Akalibeba kopo kuelekea kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Sheria ya uwanja, jamani. Risasi mbovu zinakwenda kuyeyushwa."

Sikulia kanisani. Sikulia makaburini. Nilikuwa nimeshika mwiko wa viazi, na uso ukaniwaka moto.

"Weka kopo chini."

"Velda, taratibu..."

"Weka chini! Jumatano umebeba jeneza lake kwa mkono huohuo, leo unamwita bahili huku unasubiri chakula cha matanga yake?"

Akaliweka. Nikajaza rivolva ya baba kutoka kopo lilelile. Kule mbele kulikuwa na mabamba ya chuma, nikayapiga moja baada ya jingine, yakalia. La mwisho nililikosa. Kosa langu hilo, si la LaVar.

"Haya, Dwight," akasema Clair, safari hii bila kucheka. "Risasi zina ubovu gani?"

"Rivolva hula chochote," Dwight akanung'unika.

"Ndiyo. Na hiyo nyingine haili. Ndicho nilichokwambia mimi, ndicho alichokwambia LaVar."

Hakuomba radhi. Alisema bastola itasafishwa tu. Fundi wa mjini ameniambia njia ya gesi imefungwa ndani ya chuma, hawezi kuifikia kirahisi. Atajaribu, lakini haahidi kitu.

Siku ile watu walikuwa wameshapanga foleni, sahani mkononi. Nikaifunika sufuria ya viazi, nikaipakia garini pamoja na kopo. Hakuna aliyethubutu kunizuia.

Kopo liko bandani, kando ya kalibu yake. Nikiwa hai, hazitayeyushwa.