Fisi na Mashimo Arobaini ya Kulala

Ufalme wa Tifutifu ulikuwa na amani, kwa maana kwamba aliyelalamika alihamishwa. Mali yote ya maana ilikuwa chini ya ardhi. Wenye mashimo waliwapangishia wasiojua kuchimba, na kila kiangazi kilipoanza walisimama mbele ya Baraza kutamka: haya nimepangisha, hili nalala mwenyewe. Shimo la kupangisha lilitozwa kodi. La kulala halikutozwa, kwa kuwa Mfalme Simba, katika huruma yake isiyo na mipaka, aliuona usingizi kuwa haki ya kila raia, na yeye mwenyewe aliitumia haki hiyo kikamilifu.

Mwaka huo Mhanga alisema ukweli wote, jambo ambalo marafiki zake walikuwa wamemkataza. Alikuwa na mashimo matatu. Moja alilala mwenyewe. La pili alimpangishia Nungunungu na wanawe. La tatu liliporomoka kwa mvua, akalichimba upya, na sasa aliomba gharama hiyo ipunguzwe kwenye kodi, kama sheria ilivyoruhusu.

Akafuata Fisi, shemeji wa Mfalme, mwenye mashimo arobaini. Alisema yote analala mwenyewe, akaketi. Baraza likapiga makofi.

Amri ya ukaguzi ikatoka. Wa kukaguliwa alikuwa Mhanga.

Alipouliza kwa nini yeye, Nyegere, Mkaguzi Mkuu, mnyama mfupi asiyeogopa mtu wala kucheka na mtu, alimjibu kwa upole kwamba tamko lake lilikuwa na mambo mengi ya kuuliza. La Fisi halikuwa na hata moja. Akamweleza na adhabu: akikutwa na kosa, mashimo yote yatanadiwa. Katika minada ya Tifutifu mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa shemeji wa Mfalme. Nungunungu akaanza kufunga mizigo.

Siku ya shauri Nyegere alieleza kwamba alikwenda kuliona shimo lililoporomoka na hakukuta chochote kilichoporomoka. Alikuta shimo zuri.

"Nimelichimba upya, mkuu," Mhanga akasema. "Ndiyo gharama ninayoiomba."

"Yaani ana shimo jipya, halafu sisi ndio tumpunguzie," Fisi akasema. "Yanadiwe yote, shemeji. Jua linapanda."

Wajumbe walicheka. Mhanga aliona nyuso zao akajua hukumu imeshapita. Akaomba jambo moja.

"Mheshimiwa Mkaguzi alinilaza kwenye shimo langu ahakikishe kwamba nalala humo kweli. Namwombea Mheshimiwa Fisi heshima hiyohiyo. Shimo moja tu, achague mwenyewe."

Mbele ya umati ule Mfalme hakuweza kukataa. Fisi akachagua la karibu, Baraza zima likamfuata. Hakujua nani anaishi humo, kwani hakuwahi kufika. Kodi za wapangaji wake zilikusanywa na Mbweha. Mpangaji alikuwa Mama Ngiri. Na ngiri, kama ajuavyo kila aliyewahi kuishi chini ya ardhi, huingia shimoni kinyumenyume, pembe zikabaki zinatazama mlangoni.

Fisi aliinama. Gizani zikang'aa pembe mbili.

"Karibu nyumbani, baba mwenye nyumba," sauti ikasema kutoka ndani. "Ingia taratibu, watoto wamelala."

Hakuna aliyecheka.

"Ingia," Mfalme akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Fisi aliingiza mguu mmoja. Pembe zikasogea. Akautoa.

"Nimepangisha," akasema.

"Yote?" Nyegere akauliza.

"Yote. Lakini kwani ni mimi peke yangu? Yale mapango ya shemeji kule mlimani..." Akanyamaza, akiwa amechelewa.

Vichwa viligeuka kuelekea mlimani, ambako Mfalme alikuwa na mapango mengi, na kwa mujibu wa tamko lake, kitanda katika kila moja. Simba alinguruma kwamba Baraza limefungwa. Siku nyingine zote ngurumo ile iliwatawanya. Leo hakuna aliyeondoka. Nungunungu akatua mzigo na kuuliza, kwa adabu kubwa, Mtukufu Mfalme angependa kulala pango lipi usiku huo, ili raia wasimpigie kelele.

Simba alimtafuta Mkaguzi Mkuu ampe amri ya kumnyamazisha Nungunungu. Nyegere alikuwa ameshaanza kupanda mlima, na wapangaji walikuwa wakimfuata.