Lebo ya Mama Rosaria

Mwaka 1956, mvua za Desemba zilipoanza, ukoo wa Uyoga pale Nchelenge ulitoa mwanasayansi wake wa kwanza. Jina lake Mukuka, umri miaka kumi na saba, amemaliza shule ya bweni juzi tu, mwenye daftari moja, kalamu mbili na rundo la magazeti ya zamani ya kukaushia majani. Mwanasayansi wa pili wa ukoo huo hajatokea bado, lakini tusimharakishe.

Misi Tolley, mzungu mwembamba aliyejifunzia Kiswahili Elisabethville, Kongo, alikuwa akizunguka Ziwa Mweru kuuliza watu wanatumia mimea gani kwa kazi gani. Alitaka mwanafunzi mmoja, mmoja tu, wa kufuatana naye miezi minne na kujifunza kazi hiyo. Atakayemletea mimea kumi, kila mmoja na lebo yenye jina na matumizi, nafasi ni yake. Mukuka aliitaka hadi akakosa usingizi. Akiikosa, shangazi yake alikwisha kumnolea kisu cha kupasulia samaki, na kisu hicho kingemtosha maisha yake yote.

Kwa hiyo alikwenda kwa Mama Rosaria, aliyeuza samaki wakavu ng'ambo, upande wa Kongo, kwa miaka ishirini, akarudi na Kiswahili cha huko, kile cha kusema "njo" badala ya "ndiyo", na dawa za pande zote mbili za ziwa. Shida ilikuwa moja. Mama Rosaria ni wa ukoo wa Mvua, na Mvua na Uyoga ni watani tangu enzi za mababu. Mvua humwambia Uyoga, "Bila mimi ungeota wapi?" Hutukanana misibani, hunyang'anyana kofia harusini, na anayekasirika ndiye mjinga.

Mukuka aliyajua hayo yote. Ila shuleni alikuwa amezoea kwamba kalamu ikitoka, watu huacha mchezo.

"Majani haya ya mufungufungu yanaponya nini, mama?"

Mama Rosaria aliyatazama majani hayo ya mwegea kwa huzuni, kama aliyeletewa maiti. "Kwikwi," akasema. "Mugonjwa anafunga jani kichwani. Halafu anatembea kinyumenyume, anaimba mpaka inaisha."

"Anaimba nini?"

"Wimbo wa kanisa. Ya Krismasi njo iko na nguvu zaidi."

Mukuka akaandika: *ya Krismasi, nguvu zaidi*. Akaendelea hivyo mpaka mmea wa kumi, na mkono ukamuuma kwa elimu.

Ijumaa, siku ya kusomwa lebo, watu walikusanyika ufukweni, mbele ya hema la Misi Tolley. Jairos, mwana wa karani, naye aliitaka nafasi ileile, akatangulia kusoma. Jumatano alikuwa ameazima daftari la Mukuka, eti kutazama mwandiko.

"Mufungufungu," akasoma, "ni dawa ya kwikwi." Akaeleza jani, kinyumenyume na Krismasi. Akaweka mkono kifuani. "Nyanya yangu mwenyewe aliponywa hivyo mbele ya macho yangu."

Sasa, Misi Tolley alikuwa na kwikwi tangu asubuhi, kwa sababu ya pilipili. Naye alikuwa mwanasayansi wa kweli. Alifunga jani kichwani, akageuza mgongo, akaanza kuimba na kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na ziwa. Maji yalipomfika magotini aliendelea kuimba. Yalipomfika kiunoni alinyamaza. Kwikwi, kwa kweli, ilikoma.

Wavuvi waliangusha makasia. Mama Rosaria alikuwa chini juu ya nyavu, akifuta machozi ya kicheko.

"Mama Rosaria!" Mukuka akapaza sauti. "Hata kwenye karatasi?"

"Karatasi njo nani? Tunakutania kaburini, weye Uyoga, sembuse daftari! Kasirika basi, tukuone."

Kukasirika hakukuruhusiwa. Kulipiza kuliruhusiwa. Mukuka aling'oa gugu moja linalonuka, akalilaza katika gazeti, akaandika lebo, akaisoma kwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Jina: Rosaria. Huota kando ya mitungi ya pombe. Hunuka mvua inapokaribia. Matumizi: hakuna."

Ufuko mzima ulicheka, na Mama Rosaria kuliko wote.

"Misi," Mukuka akauliza, "lebo hizi hukaa miaka mingapi?"

"Mia mbili," akasema Misi Tolley, akikamua sketi. "Mia tatu, wadudu wasipoingia."

"Na husomwa wapi?"

"Ulaya yote."

Kicheko cha Mama Rosaria kikakatika. "Matumizi hakuna? Mimi? Mutu aliyezalisha bamama wote wa hapa? Futa!"

"Ukweli wa mimea kumi kwanza."

Mama Rosaria akaketi, akasema. Tunda la mufungufungu husagwa, hupakwa vidonda. Gome hili ni la kamba, mizizi ile ni ya tumbo. Kwa kila neno Mukuka alimgeukia mzee Olipa wa ukoo wa Samaki, asiye na mtani hapo wala sababu ya kudanganya, naye akaitikia kwa kichwa. Mmea wa kumi ulipokwisha, Mukuka akanyanyua gugu alitupe.

"Usitupe!" Mama Rosaria akamshika mkono. "Andika tena. Matumizi: mengi."

Misi Tolley aliacha kukamua sketi. "Miaka sita ninauliza majani," akasema. "Sijauliza hata siku moja nani ni mtani wa nani." Akatazama mbali, akikumbuka mambo mengi aliyokwisha kuyachapisha. "Mukuka, lori ni Jumatatu."

Jairos aliulizwa habari ya nyanya yake. Alisema hajambo, akaondoka.

Jumatatu, lori la kwenda Fort Rosebery likiunguruma, Mama Rosaria alipenyeza kifurushi cha majani kwa juu. "Ya kichefuchefu cha lori. Tafuneni."

"Ni kweli, au ni utani?"

"Si weye njo fundi sasa? Fanya utafiti."

Mukuka alifikiri kisayansi. Kisha akampa Misi Tolley jani la kwanza, akafungua daftari, akasubiri.