Buluu ya Mlimani

Shakila aliipenda ile rangi ya buluu kabla hajaielewa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wiki nzima kikosi chake kilikuwa kimepigilia vyuma ardhini kwenye mteremko juu ya Matombo, kikipitisha umeme kutafuta kinywe, madini meusi ya kutengenezea betri. Mwamba mkavu huukataa umeme. Kinywe huupitisha bila ubishi, na picha ya ardhi kwenye kompyuta hutoka buluu. Ikatoka buluu, tena ya kukoza. Kipimo cha pili, cha kukata umeme na kutazama kama ardhi itabaki na chaji, kilikaa kwenye mashine bila kusomwa. Wakubwa walikuwa wakipiga simu, naye alitamani mno kuitwa mgunduzi. Pupa mbaya, jamani!

"Ni kinywe," akawaambia.

Siku ya kuondoka alimpitia Bi Mwajuma, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko ule, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnakata barabara ya mitambo huko juu. Mvua zikija, nihame?"

"Lala usingizi, mama. Huo mlima ni mwamba mtupu."

Bibi akacheka, akamfungia ndizi za safari.

Sasa Shakila alikuwa ofisini Mafiga, mjini, mchana, mvua ikipiga bati tangu alfajiri, akisoma kipimo cha pili. Akarudia kukisoma. Kinywe hushika chaji. Ardhi ile haikuwa imeshika hata chembe. Buluu yake ilikuwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, ambao nao hupitisha umeme, tabaka zima la utelezi chini ya mteremko, na barabara yao ilikuwa imeukata ubavuni.

Akampigia Hafidhi, msimamizi wa mitambo kule mlimani.

"Hafidhi, watoe watu wa chini! Mlima utashuka!"

"Tumeshawatoa, dada. Barabara imepasuka tangu asubuhi, migomba imeinama. Kabaki Bi Mwajuma."

"Mbebeni!"

"Kajifungia kwa komeo. Anasema wewe uliyeupima mlima ndiye uliyemwambia alale."

"Peleka simu mlangoni kwake. Nitamwambia mwenyewe."

Akamsikia Hafidhi akikimbia kwenye matope, akigonga, akiita kwamba Shakila yuko kwenye simu. Kisha sauti ya bibi ikatoka ndani, changamfu kabisa:

"Shakila? Mwambie asiwe na wasiwasi. Nimelala kama alivyosema."

"Mama, toka! Nilikosea! Mama!"

Lakini Hafidhi alikuwa ameacha kugonga. Alikuwa anaukimbia mlima.