Nywele Zilizovuka Barabara

Saa moja kasorobo asubuhi, mshona kola alimnyonyesha binti yake, akamfuta kichwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha akamkabidhi kwa mama mkwe. Mtoto alikuwa na miezi minane na hana hata unywele mmoja. Baba yake alishambandika jina la Mstaafu.

Bibi alikuwa amejaribu mafuta ya nazi, ya mnyonyo, na mengine ambayo hata mwenyewe hakukumbuka ameyatoa wapi. Mara tatu alimnyoa upara juu ya upara. Kliniki, muuguzi akamshika mkono.

"Bibi, kiache kichwa kipumzike. Kioshe taratibu, usikisugue, na mtoto anyonye vya kutosha. Nywele zitakuja zenyewe."

"Anyonye wapi, mwanangu, na mama yake yuko kiwandani kutwa?"

Muuguzi akaandika tarehe ya kurudi.

Kiwanda cha mashati kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Mshona kola alimwomba msimamizi ruhusa ya saa moja tu mchana akanyonyeshe. Msimamizi, mtu mpole asiyepandisha sauti, akaisoma ratiba ukutani juu hadi chini.

"Saa hiyo haimo, dada," akasema.

Jumatatu iliyofuata nywele ziliota. Saa tatu zilifika mabegani. Saa nne ziliteremka kitandani, zikapita chini ya mlango, zikasubiri magari, zikavuka penye mistari kama mtu aliyelelewa vizuri. Fundi viatu akavuta viatu vyake pembeni zipite. Langoni, mlinzi, ambaye hamruhusu hata nzi bila kumwandikisha, alifungua daftari: *Mgeni: nywele. Anamwona: mama.*

Mshona kola alihisi mtekenyo kifundoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na raha yake pia. Alizungusha ncha kidoleni akamsikia binti yake akicheka, akajibu kwa kucheka hadi sindano ikaenda upande.

Jirani yake, mshona vifungo aliyekuwa akivaa miwani ya dada yake, alidhani ni uzi mweusi. Alizishonea vifungo vya mashati kumi na mawili kabla hajaambiwa. Mashati hayo, ukiyafunga kifungo cha juu, yalitoa kicheko kidogo. Wateja waliyapenda, wakaagiza zaidi. Msimamizi alifurahi sana, akaamuru mlango utobolewe tundu chini ili nywele zisibanwe, kisha akataka kingo zake zipakwe mafuta ya mashine. Bibi alipopata habari alivuka barabara na kichupa chake.

"Mafuta ya mashine kwa mtoto? Una akili kweli wewe, baba?"

Msimamizi akaomba radhi.

Jioni nywele zilirudi nyumbani pamoja na mama, zikajikunja kichwani zikawa kipilipili kizuri cha kuchanwa kwa brashi laini. Bibi alitembeza sifa nyumba kwa nyumba kwamba ni mafuta yake. Hakuna aliyembishia, mwenye furaha humwachi akafurahi peke yake.

Alhamisi moja saa tano, mtoto akikaribia mwaka, nywele zilikazika ghafla zikanyanyuka sakafuni. Mshona kola akasimama.

"Anatembea!"

Cherehani themanini zikanyamaza. Nywele zilivuta mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha zikalegea: mtoto amekaa kitako. Vigelegele vikapasua dari. Msimamizi alipiga makofi kuliko wote, machozi yakimtoka.

"Bosi," mshona kola akasema, "nivuke tu nikamwone. Dakika tano."

Msimamizi alijifuta macho. Alisikitika kweli.

"Ukivuka wewe, dada, watataka kuvuka wote wenye watoto. Lakini hongera sana, mwaya."

Akabonyeza kengele. Mshona kola akaketi, akavuta kola nyingine, nywele zikimrukaruka mguuni kwa furaha, na maziwa yakailowesha blauzi yake.