Biharusi na Gari la Mafuta ya Papa

Siku Zubeir aliporudi kutoka Kilifi akivutwa kwa kamba nyuma ya trekta, mtaa wa Shela pale Malindi ulijua kwamba fundi wao wa majahazi amefika mwisho wa akili. Alikuwa amekaa wima ndani ya kigari chekundu kisicho na paa, kofia imenyooka, mikono kwenye usukani, akiwaitikia watu salamu kulia na kushoto kana kwamba trekta ndilo linalosukumwa na yeye.

Mkewe, Bi Shekha, alitoka na mwiko mkononi. Asubuhi ile mumewe alikuwa ameondoka na hori jipya, yaani mtumbwi mdogo, alilolichonga kwa miezi mitatu, akaliuze wapate cha kumwozea binti yao Tumu. Sasa hori halipo na pesa hazipo. Zubeir akaeleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha, kwamba mzungu mmoja mzee kule Kilifi amelipenda sana lile hori, anataka kupanda maua ndani yake, na kwa kuwa mzungu mwenyewe hakuwa na pesa taslimu, wamebadilishana. Gari lilikuwa la Kiingereza, la spoti, la viti viwili, na lilikuwa limekaa miaka kumi na mmoja ndani ya banda la kuku.

"Kwa hivyo," akasema Shekha, "yeye amepata bustani na sisi tumepata banda la kuku lenye magurudumu."

"Magurudumu matatu," akasema Zubeir, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "La nne liko njiani."

Shekha akarudi jikoni. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ishirini na sita, na subira yake ilikwisha kuwa kama mguu wa tembo, haihisi mwiba. Angeliacha gari lile lioze pale chini ya banda la makuti na asiseme neno, lau si ulimi wake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka themanini na tano, mwaka mmoja tu baada ya ile njaa ya unga wa manjano, na kila mtu alikuwa akiozesha kwa kubana matumizi. Wiki ile ile wakaja wanawake wa Mambrui kupanga siku. Aliyewaongoza ni Bi Mahfudha, mama yake Msellem bwana harusi, mwanamke mwenye duka la nguo na pua iliyoinuka juu kama ncha ya dau. Akanywa kahawa, akala halwa, akasifu halwa, kisha akasema kwa upole mkubwa kwamba wao Mambrui wanazijua hali za watu, kwa hiyo usafiri wa biharusi wasihangaike nao, wao wataleta.

Zile hali za watu ndizo zilizomchoma Shekha. Akatabasamu, akajisikia anasema, "Ahsante, bibi, lakini Tumu atakuja kwa gari la baba yake."

Wageni wote wakageuza shingo kulitazama gari. Kuku wa jirani alikuwa juu ya usukani. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu ilimaanisha kwamba wanakitunza kile kicheko waende nacho Mambrui.

Basi kuanzia siku ile Shekha alikuwa na jambo moja tu kifuani mwake: gari lile litembee, lifike, na mwanawe ashuke mlangoni kwa Bi Mahfudha bila mtu kupata la kusema. Likishindikana, Tumu angeingia ukweni kwa msaada, na neno hilo angelisikia kila mara atakapounguza wali mpaka afe.

Injini akaletewa Kazungu wa Ganda, fundi wa mashine za kuvuta maji mashambani. Kazungu aliifungua, akatoa kiota kimoja, mayai mawili ya zamani na nyoka mdogo aliyekauka, akasema injini yenyewe haina neno. Mpira wa maji aliutoa kwenye pampu ya bwana mmoja wa mikorosho, mkanda akaukata kutoka mashine ya kusaga, na gurudumu la nne likapatikana kwenye mkokoteni. Lilikuwa kubwa kuliko wenzake kidogo, kwa hiyo gari lilisimama likiwa limeinua bega moja, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Breki, akasema Kazungu, zinashika, lakini uanze kuziomba mapema.

Bodi ilikuwa kazi ya Zubeir. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikaa unaziona nyayo zako mchangani. Fundi mwingine angetafuta bati na mtu wa kuchomelea. Zubeir alitafuta mbao za mvule zilizobaki kwenye jahazi. Akatia mataruma, zile mbavu za chombo, akapigilia mbao, akasukuma pamba kwenye kila upenyo kwa patasi na nyundo, kalafati halisi, mpaka ungeweza kulivukisha gari lile bahari na lisiingie tone. Kwa kuwa kulikuwa na viti viwili tu, na biharusi hawezi kukaa peke yake na mwanamume dereva, akakata buti la nyuma akatengeneza shetri, yaani kiti kipana kama kile cha tezini mwa jahazi, cha biharusi na somo yake, mwanamke wa kumfunda. Viti vikajazwa makumbi ya nazi. Kioo cha kutazamia nyuma kilitoka kwenye meza ya Shekha ya kujipambia, bila idhini. Na kwa kuwa biharusi haonekani na watu, Zubeir akapinda fito akashona paa la turubai la tanga, likakaa zuri, limefunika kila kitu, na ndani mkawa giza kama chumbani.

Kazungu, ambaye ndiye angeliendesha, alilizunguka mara mbili. "Baba Tumu, umenipa gari au umenipa mtepe?"

"Nimekupa kitu kisichozama."

"Barabara ya Mambrui haina maji, bwana."

"Mto Sabaki je? Daraja likikatika utanitafuta."

Sasa chombo chochote kikishakalafatiwa hupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ili mbao zisinyonye maji wala kuingiwa na wadudu. Zubeir hakuwaza hata kidogo. Mkono wake ulijua wenyewe. Alipaka ndani, akapaka nje, akapaka chini ya viti, akaacha mbao zinywe, akapaka tena, mara tatu, kwa ukarimu wa mtu anayemwozesha binti yake wa pekee. Yeye mafuta yale alikuwa ameishi nayo tangu ujana, pua yake haikuyajua tena. Kazungu pua yake ilikuwa imekufa kwa petroli. Na Shekha, Mungu amhifadhi, alilala na mwenye mafuta yale kila siku ya ndoa yake, akidhani ndiyo harufu ya wanaume.

Aliyegundua ni Bi Swafia wa Takaungu, somo yake Tumu, aliyekuja siku nne kabla ya harusi kumfunda biharusi. Siku hiyo ndipo gari lilisukumwa kwa mara ya kwanza kutoka kivulini likaachwa juani. Bi Swafia akaingia uani, akasimama, akaweka leso puani. Akauliza kwa adabu kama kuna msiba. Walipomwambia hakuna, akauliza basi ni nani aliyekufa.

Wakafungua paa. Ikatoka harufu ambayo Bi Swafia baadaye alisema ilikuwa na mikono, maana ilimshika. Paka saba wa mtaani walikuwa wamelala juu ya shetri, macho yamelegea kwa raha, na hawakutaka kushuka.

Wakajaribu yote. Wakasugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa ukwaju. Kazungu akashauri mbao zing'olewe, Zubeir akasema mbao ndizo zinazolishika gari, ukizing'oa utabaki na usukani na taa. Shekha akachukua udi wote uliowekwa kwa ajili ya chumba cha biharusi, akaweka chetezo ndani, akafunga paa, akafukiza siku mbili. Walipofungua, papa alikuwa bado yumo, ila sasa amevaa nguo za sikukuu.

Asubuhi ya harusi, Shekha hakunywa chai. Alikaa shetrini, paa limefungwa, ili ajue mwanawe atapitia nini. Alihesabu mpaka sitini akatoka akishika ukuta. Akaingia ndani, akatoka na kisu, akaanza kukata nyuzi za turubai.

Zubeir alimfikia ametoa upande mzima. Kushona paa lile kulimchukua wiki mbili, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Unavua paa, Shekha? Biharusi akae nje kama tenga la samaki? Mji mzima umwone?"

"Wataona nini?"

"Watamwona mwanangu."

"Wataona nguo. Mwanao ataona watu, watu wataona nguo." Akaendelea kukata. "Ukiliacha paa hili, Zubeir, mwanao atatapika kabla ya daraja la Sabaki, na mbele ya Bi Mahfudha atafunuliwa tu, kwa sababu hakuna anayetapika akiwa amefunikwa. Likiwa wazi na likakimbia, upepo utaichukua hii harufu yako uitupe nyuma. Mwambie Kazungu asisimame. Hata akimwona mjumbe wa Mungu barabarani, amsalimie akipita."

Zubeir akaenda kuchukua kisu chake akakata upande wa pili, maana ndoa ya miaka ishirini na sita humfundisha mtu wapi pa kusimama.

Shekha akachukua shiraa jeusi la hariri la kumfunika biharusi, akaenda kwa jirani yao Athman mvuvi, akaomba risasi za kuzamishia wavu, ili upepo usimfunue mwari. Akakaa chini na sindano, akazishona moja moja kwenye upindo, kote kuzunguka, mpaka nguo ile ikawa nzito kama jarife la kuvulia papa. Tumu alipofunikwa akalalamika kwamba anahisi anazikwa. Bi Swafia akamwambia avumilie, ndoa huanza hivyo.

Baada ya alasiri wanawake wa Mambrui wakaja kumchukua mwari kwa lori la kukodi, vigelegele mita mia moja kabla ya kufika. Bi Mahfudha alikuwa mbele pamoja na dereva, amevaa dhahabu mpaka shingo haigeuki. Shekha alikwishamfundisha Kazungu: injini ingurume tangu mapema, gari liwe linatembea taratibu kulizunguka jiko la wali wa harusi pale uani, harufu isitue, na biharusi apandishwe likiwa linakwenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tumu na somo yake walipandishwa kama watu wanaoingia chomboni mawimbini, mmoja akisukumwa, mmoja akivutwa, na kabla wageni hawajameza mate, gari lilikuwa limeshatoka uani, bega juu, linaelekea kaskazini. Lori likaunga nyuma yake, karibu sana, kwa sababu Bi Mahfudha hakutaka kuachwa.

Mama mzazi hamsindikizi mwanawe. Hukaa nyumbani alie. Shekha alikaa juu ya mkeka lakini machozi yalikataa kutoka, yalikuwa yakisubiri habari. Zubeir alikuja akakaa kando yake, na kila baada ya muda akajinusa mkono kwa siri. Alikuwa ameanza kuingiwa na shaka.

Magharibi ilikuwa karibu kuadhiniwa Kazungu aliporudi, peke yake ndani ya gari, nywele zimesimama. Bi Swafia alikuwa ameachwa kule na biharusi, kama ilivyo ada. Kazungu akazima injini, akashuka, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine.

"Sikusimama, Mama Tumu," akasema Kazungu. "Kwenye daraja kulikuwa na ng'ombe. Niliwapigia kelele kwa Kigiriama mpaka wakaona haya."

"Mwanangu?"

"Alishuka kama malkia. Nguo haikuinuka hata kidole. Harufu yake ilikuwa asmini tupu."

"Na hao wa nyuma?"

Kazungu akatazama chini, akayafuta mafuta ya mkononi kwenye suruali. Akasimulia kwamba lori lilifika limemfuata mgongoni njia nzima, na mlango ulipofunguliwa Bi Mahfudha alishuka uso umekuwa rangi ya tembe ya kwinini. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaushika, akatapika mbele ya watu wote waliokuja kupokea biharusi. Wanawake waliokaa nyuma ya lori wakashuka mmoja mmoja wakitapika kwa zamu. Kisha Bi Mahfudha akageuka, akamshukia dereva wa lori. Alimwambia hana haya, analeta gari la kubebea papa mkavu kuchukua watu wa harusi, amewaaibisha mbele ya wakwe zao. Dereva akaapa kwamba lori hubeba saruji. Hakuna aliyemsikiliza. Harufu ilikuwepo pale, kila mtu aliisikia, na lori ndilo lililokuwa kubwa.

Zubeir alifungua mdomo. Shekha akamwekea mkono gotini.

"Bi Mahfudha amenipa hiki nikuletee," akasema Kazungu, akatoa kwenye kiti cha mbele sinia iliyofunikwa kawa, halwa ya ratili nne na chupa ya marashi. "Anasema uwaombee radhi kwa baba yake biharusi. Anasema wamefedheheka mno, hawajui waseme nini."

Shekha akaifunua halwa, akakata kipande, akala. Ndipo machozi yakaja, na akayaacha yateremke, kwa kuwa ilikuwa saa yake ya kulia na hakuna ambaye angemuuliza kwa nini mabega yanatikisika. Zubeir alimuuliza kwa sauti ndogo kama haifai watume mtu akaeleze ukweli, asionewe yule dereva maskini wa Mungu.

"Tutamwalika dereva chakula," akasema Shekha, akijipangusa. "Wewe kaoge. Na ukimaliza kuoga, uoge tena."