Kila Kifaa na Anwani Yake

Bohdan Křivánek alifungua kazi ya Zdislava akiwa na nia moja tu: kuikataa.

Si kwamba alimchukia. Binti huyo alikuwa mgeni katika timu yao pale mjini Brno, mcheshi, hajui kunyamaza. Ila alikuwa amegusa pabaya. Programu yao huendesha mashine pepe, zile kompyuta zisizoshikika zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kila kifaa cha mashine hiyo, iwe diski au kadi ya mtandao, sharti kipewe anwani, la sivyo mashine haitakiona. Sehemu ya kugawa anwani aliiandika Bohdan mwenyewe, enzi nywele zake zingali nyeusi, na miaka yote watu waliizunguka kama wanavyomzunguka mbwa aliyelala. Sasa huyu kaifumua nusu nzima.

"Umeshaisoma?" Zdislava aliuliza kutoka meza ya pili.

"Ndiyo kwanza nimekaa. Huna subira wewe?"

"Ninayo, mzee wangu. Ila imebaki kidogo."

Malalamiko ya wateja yalikuwa ya kweli, hilo Bohdan alilijua. Programu yake iligawa kwa foleni: kifaa kilichotangulia kilichukua anwani ya kwanza iliyo wazi. Mteja akiwa ameichagulia kadi yake ya mtandao anwani hiyohiyo, kadi ilifika ikakuta pamekaliwa, na mashine nzima ikagoma kuwaka. Zdislava alipindua utaratibu. Anwani zilizochaguliwa na wateja wenyewe hutengwa kwanza. Vifaa vingine hugawana zilizobaki.

Rahisi mno, Bohdan aliwaza. Itavunjikia kwa mashine kuukuu.

Akachukua mashine ya zamani, akaing'oa diski ya katikati, akaiwasha. Alitarajia kadi ya mtandao isogee kuziba pengo, na mfumo wa ndani uione ngeni na kuikana. Kadi haikusogea. Zdislava alikuwa amehakikisha kwamba anwani ikishatolewa haiguswi tena.

Haya. Akaongeza vifaa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Vikapata nafasi bila rabsha. Akazidisha, akajaza mpaka pasibaki hata nafasi moja, akaegemea kiti akingoja ajali. Programu ikajiongezea ubao mpya wa kuchomekea vifaa, ikaendelea kugawa kama mama mwenye nyumba anayevuta meza ya pili wageni wakizidi.

Wenzake walikwenda kula, isipokuwa Zdislava. Bohdan hakuwasikia walipomwita. Hasira ilikuwa imemtoka bila kuaga, na sasa alisoma mstari baada ya mstari kwa uroho, akifika mahali alipodhani pana shimo, akikuta limeshafukiwa, tena kwa ustadi. Mara mbili alicheka peke yake.

Karibu na mwisho alikuta maelezo mafupi ambayo Zdislava aliyaandikia watakaokuja baadaye: utaratibu wa asili ni wa B. Krivánek, msiubadilishe kabla hamjauelewa, mimi ulinichukua mwezi mzima.

Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Zdislava, nani alikufundisha kuanza na waliochagua?"

"Baba. Anapanga treni stesheni ya Přerov. Treni ikishatangaziwa reli yake, ole wako uihamishe abiria wamesimama pale na mizigo."

"Mbona hukuja kuniuliza? Mwezi mzima!"

"Nilikuogopa. Wanasema ukikosolewa unanuna wiki nzima."

"Wanasema kina nani?"

"Anwani zao sikupi."

Bohdan aliangua kicheko hadi kikombe kikatikisika mezani. "Kosa nimeliona moja tu. Jina langu umelinyima alama yake, hiyo ya juu ya *r*."

"Nikilitia utaikubali?"

"Nimeshaikubali, binti. Angalia."

Zdislava akageukia kioo cha kompyuta yake. Chini ya kazi yake, mahali ambapo timu yote ingesoma, Bohdan alikuwa ameandika: *Nimejaribu kuivunja kwa kila njia niijuayo, nikashindwa. Ni bora kuliko yangu.*

Binti yule akayasoma maneno hayo mara mbili, kisha akaitia ile *r* alama yake.

Waliposhuka kula, nyama na mchuzi wa krimu vilikuwa vimekwisha. Ikabaki jibini ya kukaanga. Bohdan hakujali. Alisukuma sahani kando kidogo, akaegemeza viwiko mezani. "Haya, nieleze ule ubao unaojiongeza. Polepole, tangu mwanzo."

Zdislava akaanza kueleza, naye Bohdan akasikiliza, jibini ikipoa.